Taa hafifu? Pima volti kabla ya kununua globu ya wati 100

Kuna imani moja imenichosha: kwamba taa za mbele zikiwa hafifu, dawa ni globu yenye wati nyingi au LED nyeupe. Watu wananunua, wanafunga, soketi inaungua, na barabara bado haionekani. Mara nyingi globu ya zamani haikuwa na kosa.

Anza na kioo cha taa. Cha plastiki kikishakuwa njano, hakuna globu itakayokisaidia. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi, na mwisho rangi isiyo na rangi (klia) ya kukinga jua. Ukiruka hiyo ya mwisho, unjano utarudi haraka.

Kisha volti, na hapa ndipo mafundi wengi wanaponiudhi. Kupima betri pekee hakutoshi. Washa injini, washa taa, pima kwenye soketi globu ikiwa imechomekwa na inawaka. Betri ikisoma 14 na soketi 12, volti 2 zimepotelea njiani. Hilo si jambo dogo: kwenye halojeni (globu ya kawaida yenye waya mwembamba unaowaka ndani), volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Weka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya globu (ile inayorudisha umeme kwenye bodi ya gari), nyingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwaka. Ikizidi volti 0.2, fungua boliti ya ethi kwenye bodi, isugue mpaka chuma king'ae, kaza. Kama hasara iko upande wa chanya, peleka umeme moja kwa moja kutoka betri: rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo), waya wa milimita mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri. Swichi ya usukani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Sasa wati 100. H4 ya kawaida (globu yenye nyaya mbili za kuwaka ndani) ni wati 60 kwenye fulu, 55 kwenye dimu. Ukifunga ya 100, ampea kwenye fulu zinapanda kutoka 5 hadi zaidi ya 8, na joto kwenye pini linakaribia mara tatu. Plastiki ya soketi inalainika, pini inalegea, na pini iliyolegea inazidisha joto. Waya ule ule mwembamba wa gari nao unakula volti zaidi, kwa hiyo hata huo mwanga ulioulipia huupati wote.

LED ni suala la mahali mwanga unapotokea. Rifleta (bakuli la ndani ya taa linalorusha mwanga mbele) ilichorwa kwa ajili ya waya mwembamba wa globu uliokaa mahali maalumu. Kwenye H4, waya wa dimu una kibakuli cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta. Chipu ya LED, yaani kipande kinachotoa mwanga, ikikaa pembeni hata kwa milimita moja au mbili, mwanga unatawanyika: karibu na bampa panang'aa sana, macho yako yanazoea mng'ao huo, na mtembea kwa miguu aliye mbali unamkosa. Anayekuja mbele yako naye haoni. Kwa H7 na H11, aina za globu zenye waya mmoja, angalau hakikisha chipu zinatazama kulia na kushoto, si juu na chini. Nakiri hapa sina kanuni kamili: kwenye taa za projekta (zenye lenzi ya mviringo mbele) baadhi ya LED zinakata ukingo wa mwanga vizuri, nyingine zenye maelezo yale yale kwenye boksi zinaharibu. Ukuta ndio utakaokuambia.

Gari liwe sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Washa dimu: mstari wa ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 13 chini ya kimo cha katikati ya taa, na, kwa nchi tunazoendesha kushoto, upande unaopanda uwe wa kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo ni za nchi wanakoendesha upande wa kulia. Kuzungusha skrubu hakutazirekebisha, tafuta taa nyingine.

Kubadilisha globu yenyewe ni rahisi. Zima, ziache zipoe, shika kitako tu. Ukigusa kioo cha halojeni, kifute kwa spiriti, maana mafuta ya vidole yanachoma doa na globu inakufa mapema. Badilisha zote mbili, na mpira wa nyuma urudishe ukae sawa. Ukiuacha wazi, maji na vumbi vitaingia na rifleta itapoteza mng'ao wake.