Mitaa ya Rouen kwenye jiwe: dhana potofu na ukweli kuhusu litografia za Pissarro

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba litografia, yaani picha inayochapwa kutoka kwenye mchoro uliochorwa juu ya jiwe, ni nakala tu ya mchoro wa rangi, yaani kivuli cha kazi nyingine iliyo bora zaidi. Litografia ambazo mchoraji Camille Pissarro alizitoa mwaka 1896 zikionyesha mitaa ya Rouen nchini Ufaransa, kama Rue Saint-Romain inayopita ubavuni mwa kanisa kuu, haziingii katika dhana hiyo. Kilichochapwa ni mchoro aliouchora kwa ajili ya kuchapwa, na kwa hiyo kila karatasi iliyotoka mtamboni kwa idhini yake ni kazi halisi ya sanaa, hata kama zipo nyingine zinazofanana nayo.

Wengine hudhani kwamba jiwe huchongwa kama muhuri. Ukweli ni kwamba katika mbinu hii, iliyobuniwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, uso wa jiwe la chokaa hubaki bapa kabisa. Msanii huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta, kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo; likiloweshwa, sehemu zisizochorwa hushika maji na kuukataa wino wa kuchapia, ilhali mistari yenye mafuta huupokea. Ndiyo maana hata mkwaruzo mwepesi wa mkono wa msanii huonekana karatasini, jambo ambalo kwangu ndilo uzuri mkubwa wa kazi hizi.

Si kweli pia kwamba wachoraji wa Impreshonizimu, mtindo wa uchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 uliotilia mkazo mwanga na mandhari ya papo hapo, walijali mashamba na rangi pekee. Pissarro, mtu pekee aliyeshiriki maonyesho yao yote manane kati ya 1874 na 1886, aligeukia miji kwa bidii uzeeni, kwa sehemu kwa sababu ugonjwa wa jicho ulimzuia kufanya kazi nje penye upepo na vumbi, hivyo akachora michoro mingi kutoka madirisha ya hoteli. Katika litografia za rangi nyeusi, weupe wa karatasi iliyoachwa wazi ndio unaokuwa mwanga unaopenya kati ya nyumba.

Mwisho, herufi “C.P.” zilizogongwa kwa muhuri hazimaanishi kwamba chapa ni ya kughushi: baadhi ya chapa zake zilitolewa baada ya kifo chake mwaka 1903, na muhuri huo ukachukua nafasi ya saini.