Povu la kifafa haliambukizi

Mombasa, na vijijini Kwale na Kilifi, wengi bado huamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe utaanguka. Anayejitolea kufundisha afya shuleni, awe ametoka ng'ambo au Likoni, hukutana na imani hii mapema: mtoto anaanguka darasani, wenzake wanakimbilia mlangoni, naye anabaki peke yake sakafuni. Hapo ndipo anapoumia.

Povu ni mate tu. Misuli inapokaza mtu hamezi, na pumzi huyachapa mate yakatoa mapovu. Likiwa na wekundu, mara nyingi ameuma ulimi. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Malaria kali au jeraha la kichwa huweza kukisababisha, lakini chenyewe hakimruki mtu kwenda kwa mwingine.

Mtu akianguka, tazama saa kwanza. Sogeza madawati, weka sweta iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni: ulimi haumezeki, ila jino lililovunjika laweza kumpalia. Kiatu wala kitunguu puani havimzindui. Mtukutiko ukikoma, mlaze kwa ubavu, mdomo uelekee chini mate yatoke, ukae naye hadi ajitambue. Mtukutiko ukizidi dakika 5, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali.

Kulaza kwa ubavu hakufundishwi ubaoni. Tandika mkeka, wanafunzi wafanye wawili wawili, kwa zamu.