Je, wajua kwa nini gari la miaka 50 hupata spea kirahisi kuliko la miaka 20?

Mjomba wangu wa Moshi ana magari mawili. Moja ni Land Rover Series III ya mwaka 1974, aliyoachiwa na babu. La pili ni gari dogo la Kijapani la mwaka 2004, alilonunua ili apumzike na kelele za Land Rover. Mwaka jana yote mawili yaligoma katika wiki ileile. Land Rover ilirudi barabarani siku ya nne. Lile dogo likakaa chini ya mwembe miezi mitano.

Ukiambiwa hivyo unaweza kudhani ni utani. Series III iliacha kuundwa mwaka 1985, yaani wakati gari dogo linatoka kiwandani, Land Rover ya aina hiyo ilikuwa na karibu miaka 20 haitengenezwi tena. Sasa imekuwaje kizee kipate dawa na kijana akose?

Tuanze na kilichotokea siku ile. Land Rover iliharibika masta silinda ya klachi: unakanyaga pedali inakwenda hadi chini, gia haiingii. Fundi akaifungua, akatoa kijimpira kilicholika, kidogo kama kizibo cha chupa ya dawa. Mjomba akakifuta mafuta, akapiga picha masta yenyewe pale zilipochongwa namba, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wenye Land Rover. Kabla ya adhuhuri mtu wa Iringa alikuwa ameshajibu kwamba anayo mipira ya akiba, na jioni bahasha ikapakiwa kwenye basi.

Hapo ndipo jibu lilipo. Kiwanda kikishaacha kuunda gari, baada ya muda kinaacha na spea zake. Wanaobaki nalo ni wenyewe, na wenyewe wakijikusanya wanageuka kuwa stoo, maktaba na kiwanda kwa wakati mmoja.

Maktaba ndiyo huanza. Vitu vingi ndani ya gari la zamani havikuwa vya gari hilo peke yake. Chukua beringi. Ikiandikwa 6203, tundu lake ni milimita 17, upana wake wa nje ni 40 na unene ni 12, iwe imetoka kwenye gari, pampu ya maji au mashine ya kufulia. Sili ya mafuta, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, nayo hutambulika kwa vipimo vitatu vya aina hiyo. Asiyejua hilo ataagiza ng'ambo na kusubiri mwezi. Anayejua anakwenda na kipimo chake dukani Gerezani, mtaa wa spea jijini Dar es Salaam. Ujuzi wa namna hii haumo kwenye kitabu kimoja. Umetawanyika kwenye vichwa vya watu, na chama ndicho kinachoukusanya.

Kiwanda huja baadaye, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uingereza, wa gari la MGB. Hilo ni gari dogo la wazi la michezo, lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni. Tatizo lake ni kwamba halina chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari. Bodi yake ndiyo chesisi. Bati la chini ya milango likishaoza, gari limekufa hata kama injini inanguruma vizuri. (Land Rover ni kinyume chake: bodi kwa sehemu kubwa ni ya alumini, haishiki kutu, chesisi ya chuma ndiyo inayoliwa na kutu kimyakimya.) Kwa hiyo baada ya kiwanda kufungwa, MGB zilianza kufa moja moja kwa kutu.

Lakini wenye MG walikuwa wamejipanga zamani. MG Car Club ilianzishwa mwaka 1930, na MG Owners' Club ikafuata mwaka 1973. Wanachama wengi maana yake ni wateja wa uhakika, na palipo na mteja wa uhakika mwenye mtaji hasogei mbali. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilikusanya vifaa vya zamani vya kukandamizia bati, ikaanza kuunda bodi mpya kabisa za MGB. Ukawa unaweza kuchukua injini, giaboksi na viti vya gari lako lililooza na kuvihamishia kwenye bodi ambayo haijawahi kuona mvua.

Kichekesho kikaja baada ya hapo. Kampuni ya Rover, iliyokuwa na jina la MG wakati huo, ilipoona bodi zinanunuliwa, nayo ikaitumia bodi hiyohiyo kama msingi wa gari jipya, MG RV8, lililouzwa kati ya 1993 na 1995. Ziliundwa karibu 2,000, nyingi zikaenda Japani. Spea ya gari lililokufa ikazaa gari jipya!

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kalibu, yaani umbo la kuundia mpira wa dirisha, ni shilingi milioni 6. Ukiagiza peke yako, mpira wako mmoja ni milioni 6. Mkiwa 200, kila mmoja anatoa 30,000 ya kalibu na kidogo cha mpira wenyewe. Mwenye gari mmoja ni mgonjwa tu. Wenye magari 200 ni soko.

Nisije nikasifia mno. Spea mpya za magari ya zamani si zote za kuaminika. Wenye magari ya Kiingereza walihangaika sana na rota za bei rahisi za distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi: ribiti iliyoshikilia kipande cha shaba ilikuwa ndefu mno, cheche ikapenya plastiki na kukimbilia kwenye shafti inayoizungusha rota, gari likazima njiani bila onyo. Ni wanachama waliozipasua, wakaona kasoro na kuonyana, ndipo zikatengenezwa rota zisizo na ribiti.

Gari dogo la mjomba je? Lilikuwa limeharibika kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoongoza injini. Hicho si kitu cha kupima kwa rula na kwenda nacho Gerezani. Ndani yake kuna programu, imefungamanishwa na ufunguo wa gari lile, na ya mtumba ukiipachika tu huenda isikubali kuwasha. Mafundi watatu walisema kwa mdomo mmoja: agiza mpya.

Aliyeliponya ni kijana wa kutengeneza simu. Alifungua boksi, akaonyesha kapasita mbili (vijikopo vya kutunza umeme) zilizovuja, akazing'oa na kuchomelea nyingine za bei ya soda. Alipoulizwa kajuaje, akatoa simu: kuna kundi la wenye magari ya aina ileile, na mtu alishaweka picha ya bodi ile ya umeme akizizungushia duara nyekundu kapasita zinazokufa kwanza. Mjomba akaomba aunganishwe. Kwenye kundi la Land Rover sasa anaingia kwa siri kidogo.