Mgeni Anayetafuta Wabudha Wenzake: Yasemwayo na Yalivyo

Ukihamia ugenini na ukataka kuketi na Wabudha wengine, utapewa ushauri mwingi kuliko anwani. Mwingine hauna mashiko.

Dhana: Ubudha ni ule ule, hekalu lolote litakufaa.
Hili ndilo linalowapotosha wengi. Theravada, tawi la Ubudha lililoenea Sri Lanka, Thailand na Myanmar, husoma maandiko kwa Kipali, lugha ya kale ya India, na watawa wake hawali chakula baada ya saa sita mchana. Tawi la Vajrayana la Tibet humfunga mwanafunzi na mwalimu wake kwa viapo. Katika tawi la Jodo Shinshu la Japani, kiini ni kulitaja jina la Buddha Amida, anayeaminika kuwaokoa wanaomtegemea. Anayekwenda huko kutafuta saa nzima ya kutafakari kimya huenda asiipate. Mgeni aliyezoea njia moja hujiona kapotea ndani ya nyingine, akadhani amekataliwa. Uliza mapema: mnafuata mapokeo gani, mkikutana mnafanya nini, na kwa lugha gani?

Dhana: Hekalu la wahamiaji ni la watu wa kwao tu.
Hekalu kama hilo ni mahali pa ibada, na papo hapo ni mahali pa kusikia lugha ya nyumbani, kufundisha watoto na kufarijiana misibani. Wasipokukimbilia mlangoni, si kwamba hawakutaki. Wanajuliana hali na jamaa zao. Nenda siku ya Vesaki, sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha, ambayo mara nyingi huangukia mwezi mpevu wa Mei: watu ni wengi, chakula kipo, na anayejitolea kuosha vyombo hakosi wa kuongea naye. Kwa maoni yangu, kigumu zaidi kwa mpweke ni kile kikundi kinachoketi kimya, kengele ikilia kila mtu akashika njia yake, hata kama tangazo lao limejaa ukarimu.

Dhana: Lazima ubadili dini kwanza.
La. Kukimbilia kwa Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya wafuasi), ambako ndiko kujitangaza Mbudha, ni hiari, na wapo wanaohudhuria miaka bila kufanya hivyo.

Dhana: Anayeomba pesa ni tapeli.
Vituo vya Vipassana, aina ya kutafakari, vya mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka haviwatozi wanaohudhuria kozi ya siku 10. Huendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuimaliza. Vingine hutoza chakula na malazi, wala si kosa. Shaka ianze pale ada inapopanda kila unapoahidiwa siri kubwa zaidi.

Dhana: Wabudha ni wapole, hakuna la kuogopa.
Mwaka 2017 watu wanane waliomfuata Sogyal Rinpoche, mwalimu mashuhuri wa Kitibeti, walimwandikia barua wakimshutumu kwa vipigo na dhuluma za kingono. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2018 uliona kwamba baadhi ya wanafunzi walitendewa hivyo kweli. Asiye na ndugu karibu ndiye mwepesi kunaswa. Kwa hiyo tazama kama wanakuruhusu kuhudhuria kwingine, kama bado una nafasi na marafiki zako wa nje, na kama malalamiko yana pa kupelekwa zaidi ya kwa mwalimu mwenyewe.

Dhana: Ukikosea adabu utafukuzwa.
Vua viatu, usielekeze nyayo kwenye sanamu ya Buddha, na kama wewe ni mwanamke usimguse mtawa wa kiume wa Theravada. Mengine mwige aliyeketi mbele yako.