Efta, oxto, enja: kuwasoma Wakalderash kwa maneno yao

Kila mwaka somo langu la ukopaji wa maneno huanza na hesabu. Nawaambia wanafunzi wahesabu moja hadi kumi, kisha wanionyeshe wageni ni akina nani. Hawakawii: sita, saba na tisa zimetoka kwa Waarabu. Nane imebaki pale katikati kama mwenye kiwanja aliyekataa kuhama. Baada ya hapo naandika ubaoni: jekh, duj, trin, štar, pandž, šov, efta, oxto, enja, deš. (Hiyo x isomeni kh, kama katika kheri.) Aliyekulia mtaa wenye Wagujarati huinua mkono mapema, maana panch na das amezisikia dukani tangu utotoni. Linalowapiga chenga ni lile kundi la saba, nane, tisa. Hizo ni za Kigiriki.

Lugha hiyo ni Kiromani. Wenyewe ni Waroma, ambao vitabu vyetu vya zamani huwaita Wajipsi, jina lililozaliwa na kosa: Wazungu walidhani wametoka Misri, kumbe asili yao ni India. Mimi nimeshughulika zaidi na tawi lao moja, Wakalderash, ambao jina lao limetokana na neno la Kiromania (lugha ya nchi ya Romania, si Kiromani) căldare, yaani sufuria kubwa. Ni wafua shaba, na sanduku lao la vifaa ni kamusi ya safari yao. Fuawe ni amoni, nyundo ni sviri, shaba ni xarkoma, yote kutoka kwa Wagiriki wa Bizanti. Lakini chuma, sastri, kimetoka India, na fedha huitwa rup, ndugu wa damu wa ile rupia ambayo mababu zetu walilipia kodi ya kibanda enzi za Mjerumani.

Kuna neno jingine ambalo hunifurahisha zaidi. Wakalderash wakikutana husalimiana "T'aves baxtalo", uwe mwenye baxt. Ni bahati ileile tuliyo nayo sisi. Waajemi waliwapa Waroma njiani walipokuwa wakielekea magharibi, nasi tukaipata kupitia Kiarabu.

Msomaji akifika hapa husema: basi ni kweli, watu hawa kwao ni kutangatanga. Mimi mwenyewe niliwahi kusadiki hivyo, mpaka nilipoanza kuhesabu maneno ya Kiromania katika lahaja yao. Si maneno ya sokoni tu. Maisha ni trajo, dunia ni lumja. Wakitaka kusema "kubwa zaidi" husema maj baro, na hiyo maj ni ya Kiromania. Hata uwingi wa maneno ya kukopa wanaufanya kwa kiambishi cha Kiromania: mji ni foro, miji ni foruri. Mpita njia hakopi kiambishi cha uwingi. Ili sarufi ya jirani iingie namna hiyo, lazima mkae pamoja vizazi na vizazi.

Nao walikaa, ila kwa kushikiliwa. Katika tawala za Wallachia na Moldavia, ambazo leo sehemu yake kubwa ni Romania, Waroma walikuwa watumwa. Hati ya mwaka 1385 inaonyesha mtawala wa Wallachia akiithibitishia monasteri ya Tismana umiliki wa familia 40 za Waroma. Watumwa walikuwa wa mtawala, wa monasteri au wa makabaila, na waliuzwa, wakarithishwa, wakatolewa mahari. Wafua shaba wengi waliangukia fungu la mtawala. Hao waliruhusiwa kuzunguka vijijini wakifanya kazi yao mradi kila mwaka walipe ushuru. Kwa hiyo hema na mkokoteni, vitu ambavyo wachoraji wa Ulaya walivipamba kama alama ya uhuru, vilikuwa sehemu ya mpango wa bwana wa kukusanya kodi.

Utumwa huo ulifutwa kwa hatua, ukaisha Moldavia mwaka 1855 na Wallachia 1856. Wanahistoria wengi hukadiria walioachiwa kuwa kama robo milioni. Sheria ya Wallachia iliamuru mabwana walipwe sarafu 10 za dhahabu, galbeni, kwa kila mtu. Aliyekuwa mtumwa hakupata kitu. Anayejua jinsi fidia ilivyogawanywa Zanzibar mwaka 1897 hatashangaa.

Hapo ndipo Wakalderash walipoonekana kila mahali: Poland, Urusi, Ufaransa, na kabla karne haijaisha, ng'ambo ya Atlantiki. Walikwenda kwa kumpania, kundi la familia zinazofanya kazi pamoja, wakigonga milango ya viwanda vya mikate, hoteli na hospitali kuuliza kama kuna masufuria ya kutengeneza. Kazi ilikuwepo kwa sababu shaba inahitaji matunzo. Ukiifua huwa ngumu na kutaka kupasuka, lazima irudishwe motoni ilainike ndipo uendelee. Na sufuria ya kupikia hupakwa bati kwa ndani, maana shaba tupu ikikutana na chakula chenye uchachu hukitia sumu. Bati huisha, fundi huitwa tena. Katika kijiji cha Brateiu, eneo la Transylvania nchini Romania, wapo mpaka leo wakiuza kando ya barabara, na chombo chao mashuhuri ni mtambo wa kuchemshia pombe ya matunda.

Mambo yao ya ndani yanataka makala yake. Niseme machache. Ugomvi mkubwa hupelekwa kwenye kris, baraza la wazee, na neno lenyewe ni la Kigiriki, hukumu. Usafi una sheria kali: sehemu ya juu ya mwili na ya chini hazishiriki beseni wala taulo, na aliyekiuka huitwa marime, akatengwa. Mtu akifa hufanyiwa karamu ziitwazo pomana, mojawapo ikiwa wiki sita baada ya kifo. Hesabu siku zake uone zilivyo karibu na arobaini yetu. Katika karamu hiyo mtu wa rika na jinsia ya marehemu huvikwa nguo mpya kwa niaba yake.

Nirudi kwenye dhahabu. Wanawake wa Kikalderash huvaa mikufu ya sarafu, galbi, zenye jina lile lile la sarafu walizolipwa mabwana. Ni akiba inayobebeka, inayopita kutoka mama hadi mwana. Mwaka 1942 serikali ya Antonescu, mtawala wa Romania wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliwahamishia Waroma kama 25,000 Transnistria, eneo la ng'ambo ya mto Dniester, ikianza na waliokuwa wakiishi kwa kuhamahama; kama 11,000 walikufa huko kwa njaa, baridi na homa. Kisha ukaja utawala wa kikomunisti, na polisi wake wakapita nyumba hadi nyumba wakinyang'anya galbi. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, baadhi ya familia zilikwenda mahakamani kudai sarafu zao.

Waliofika Sweden mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta mlango ukifungwa nyuma yao: kuanzia 1914 hadi 1954 nchi hiyo ilipiga marufuku Waroma kuingia. Humo walizaliwa mabinti wawili wa ukoo wa Taikon, wa baba mfua vyuma. Katarina alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, akawa mwandishi wa vitabu vya watoto na sauti kali ya haki za Waroma. Dada yake Rosa, aliyefariki mwaka 2017, alishika nyundo. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa mapambo ya rup.