Ukungu Katika Bia Si Dalili ya Kuharibika

Wanywaji wengi waliozoea lager huamini kwamba bia nzuri lazima iwe angavu kama kioo, na kwamba yenye ukungu (yaani isiyo angavu, si yenye kuvu) ama imeharibika, ama imejaa hamira ambayo mtengenezaji mchanga alishindwa kuichuja. Kwa lager, shaka hiyo ina msingi. Kwa bia za mtindo wa New England, zilizopata umaarufu kutokana na viwanda vidogo vya jimbo la Vermont nchini Marekani, haina. Ukungu wake hutokana hasa na protini za ngano na oti zinazoshikamana na polifenoli (kemikali za asili za mimea) za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu; hopsi hizo huongezwa kwa wingi wakati bia inachachuka au baada ya hapo, na chembe hizo ni ndogo mno kiasi kwamba hubaki zikielea hata hamira ikishatuama.

Glasi ya bia ya mtindo huu hufanana na juisi ya embe: povu zito, harufu ya machungwa, uchungu mdogo. Heady Topper, bia ya aina hiyo kutoka kiwanda cha The Alchemist cha Vermont, iliyoanza kuuzwa katika makopo mwaka 2011, huandikwa kwenye kopo kwamba inywewe humo humo, ambako ukungu hauonekani kabisa. Mnywaji wa mbege kule Kilimanjaro, pombe ya ndizi na ulezi ambayo kwa kawaida haiwi angavu, angeshangaa kusikia ubishi huu.

Kuharibika hujulikana kwa dalili nyingine: rangi inayogeuka kahawia au kijivu, harufu ya hopsi iliyopotea, na ladha ya karatasi iliyolowa.