LC1 hana stoo ya posho: maneno ninayosikia kila mlipuko ukitokea, na ukweli wake

Nakumbuka wakati wa mpox, tulikuwa tunatembea na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) hapa upande wa Mpondwe, Uganda, mpakani na Congo, kuandika watu waliokaa karibu na mgonjwa mmoja, tukafika kwa mama anauza mukene (dagaa). Nikamwambia mama shikamoo, naomba jina na namba ya simu. Akanitazama, alafu akafungua fundo la leso akatoa kikaratasi ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), karatasi ya daftari ya shule imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Jina lake, jina la mume, watoto 6, sahihi ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, Aprili 2020. "Daktari, niliandikwa hii hapa. Posho yangu iko wapi? Leta hiyo kwanza ndiyo uniandike tena."

Mimi si daktari, ni inspekta wa afya wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), lakini hiyo niliacha kubishana zamani. Ya karatasi na posho, yaani chakula cha msaada, ndiyo imenichosha, manake si mama huyo peke yake, nimeisikia sokoni, msikitini, kwenye matanga, hata kwa shemeji yangu ambaye ni mwalimu na angepaswa kujua. Kwa hiyo leo naandika yote mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii.

"Ugonjwa ukitokea kila nyumba inapata posho, na kama haukupata LC1 ameikula"

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Posho ya 2020 haikuwa ya Uganda nzima. Lokidauni ya korona ilipokuja, kuanzia tarehe 4 Aprili 2020 serikali ikaanza kugawa chakula Kampala na Wakiso. Kampala na Wakiso basi. Kilo 6 za unga kwa kila mtu, kilo 3 za maharage, na chumvi, na mama anayenyonyesha na mgonjwa wakawekewa maziwa ya unga na sukari. Lengo lilikuwa watu milioni 1.5 hivi, wale wa mjini wanaokula kwa kibarua cha siku. Iliongozwa na ofisi ya Waziri Mkuu, wanajeshi ndio walibeba magunia mlango kwa mlango, na LC1 wa huko kazi yake ilikuwa kuonyesha nyumba. Mtu wa Kasese, wa Arua kijijini, wa Busia, hukuwa kwenye mpango toka siku ya kwanza. Sisemi ilikuwa haki, watu wa mpakani walifungiwa biashara kama wengine tu, na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwenye mikutano mpaka wakanichoka. Lakini kitu ambacho hakikupakiwa kwenye lori mwenyekiti wako atakikula vipi?

Sasa utauliza, kwani yule mama aliandikwa ya nini? Hapo ndipo uchungu uko. Wenyeviti walisikia redioni Kampala wanagawa, wakasema na huku itakuja, wakachukua daftari wakaanza kuandika watu bila kuambiwa na mtu yeyote. Wengine nia ilikuwa nzuri, wengine walikuwa wanatafuta kura. Orodha ikakaa kwa mwenyekiti, hakuna ofisi iliyoiomba, hakuna ofisi iliyoipokea. Mama amebaki na sahihi ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Alafu ikaja ya 2021, lokidauni ya pili, ile ya pesa, na hiyo ilichanganya watu zaidi. Shilingi 100,000 kwa nyumba, nyumba zaidi ya 500,000, ikipitia mobaili mani kuanzia Julai. Ile ilikuwa ya Kampala na siti na munisipali, yaani miji mikubwa. Angalia sasa: Kasese mjini ni munisipali, sisi Mpondwe-Lhubiriha ni town council, mji mdogo. Kwa hiyo mtu ana dada yake Kasese mjini kapata laki, yeye huku hana kitu, anahesabu tu kwamba laki yake imeliwa njiani. Haikuliwa, haikutumwa. Na hata huko mjini pesa ilitoka juu ikaingia kwenye simu ya mtu, LC hakuishika mkononi.

Na sisemi LC wote ni malaika, nisije nikachekwa. Wako wanaouza barua, wako walioandika wake zao na shemeji zao kwanza, hiyo tunaijua wote. Lakini huyu mtu tunayemwita tajiri wa posho, serikali inampa posho (ile ya pesa sasa, si ya kupika) ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na inakuja ya mwaka mzima kwa pamoja, 120,000. Hana stoo wala gari, wala hana fungu la bajeti. Ana muhuri, na ule muhuri mara nyingi alijinunulia mwenyewe.

Basi unasema, kama si LC1, disitrikiti (wilaya) si ina pesa? Kodi ya kichwa ilifutwa 2005, na toka hapo sehemu kubwa sana ya pesa ya disitrikiti inatoka serikali kuu na inakuja ikiwa imeshapewa jina. Ya UPE (shule za msingi za bure) ni ya UPE, ya barabara ni ya barabara, ya dawa ni ya dawa. CAO, mtendaji mkuu wa disitrikiti, ndiye anajibu kwa kila shilingi, akichukua ya barabara anunue unga, hata kama watu wana njaa kweli, mkaguzi mkuu akija ni yeye atasimama mbele ya wabunge kujieleza. Ndiyo maana mkipiga kelele kwake anawaangalia tu. Sio roho mbaya (wakati mwingine ni roho mbaya).

Lakini yote haya ningeyavumilia kama yangeishia kwenye kelele. Shida yangu ni kwamba mtu akinyimwa posho ya 2020 anakataa kuandikwa saa hii. Orodha ya msaada na orodha ya watu waliokutana na mgonjwa ni vitu viwili tofauti kabisa! Ile ya pili inakusaidia wewe: VHT anakuja kwako kila siku kwa siku 21 kuuliza kama una homa, ukianza kuumwa gari linakuja mapema, na kama umeambiwa usitoke nyumbani hiyo ndiyo orodha inayoangaliwa chakula kikipatikana. Sikiliza hiyo vizuri. Mlipuko unapotokea chakula kidogo kinachopatikana kinaanza kwa wagonjwa walioko kwenye kituo cha matibabu na watu waliozuiwa kutoka, si kwa kila nyumba ya zoni. Kwa hiyo anayejificha asiandikwe kama kontakti kwa hasira ya posho, amejitoa mwenyewe kwenye orodha pekee iliyokuwa na uwezekano wa kumletea posho. Nikimwambia mtu hivyo ananitazama kama nimemlaghai.

Na ushauri wangu ule ule ambao watoto wangu nyumbani wanaukariri wakinicheka: SAJILI LAINI KWA JINA LAKO. Yule mama nilipomuuliza namba akanipa namba ya laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji ya mumewe, ambaye alihamia Butembo miaka mingi iliyopita. Kwenye simu ni yeye anaongea, kwenye mtandao ni mwanaume Mkongo. Hata laki ingetumwa kwa Mpondwe nzima asingeiona, manake 2021 hata kwenye munisipali kuna watu walikosa kwa sababu jina la kitambulisho na jina la laini vilikataa kulingana. Nenda na kitambulisho cha taifa, kile cha NIRA, angalia herufi kwa herufi, Masika na Massika kwa kompyuta ni watu wawili.

"RDC na LC5 ndio wameamua tufungiwe"

Hapana. Mubende na Kassanda zilipofungwa kwa Ebola tarehe 15 Oktoba 2022, rais ndiye alitangaza, siku 21, ikaongezwa mara mbili. RDC ni mtu wa rais, anaongoza kamati ya dharura ya disitrikiti, hamkumpigia kura na hamwezi kumtoa. LC5, mwenyekiti wa disitrikiti, mlimpigia kura lakini kwenye kamati ile yeye si mwenye kiti. Ukitaka kulalamika kuhusu askari na kizuizi, nenda kwa RDC. Kuhusu pesa, CAO. Kuhusu mgonjwa, DHO, mkuu wa afya wa disitrikiti. Mkienda kwa LC5 kwa yote matatu mtasikilizwa vizuri sana na mtarudi mikono mitupu.

"VHT analipwa kwa kila jina analoandika"

Mpango wa VHT ulianza 2001 kama kazi ya kujitolea na mpaka leo hawana mshahara. Wakati wa mlipuko wanapewa kitu kidogo cha siku, mara nyingi kinachelewa. Yule ninayetembea naye ana viatu vya mpira tangu Ebola ya 2019, ile ya mtoto wa miaka 5 aliyetoka Congo, na kimoja kimeshonwa na uzi wa nyavu. Kama anakula majina, anakula vibaya.

"Wanaongeza siku ili wale bajeti"

Siku 21 si za bajeti. Ebola inaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 kabla haijajionyesha, ukimwachia mtu siku ya 15 umebahatisha. Na mlipuko unahesabiwa umeisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili, ndiyo sababu ule wa 2022 ulitangazwa kuisha Januari 11, 2023 wakati wagonjwa walishatoka hospitali muda. Hata mimi nachoka kungoja.

"Ukipelekwa kituoni utalipia, na maiti wanaiuza"

Kulipia: hospitali za serikali zilifuta ada 2001, na matibabu ya Ebola ni bure. Mtu akikudai pesa pale ni mwizi, chukua jina lake.

Maiti: hii sina nguvu nayo leo. Kassanda 2022 watu walifukua maiti iliyozikwa na timu ya mazishi ya Ebola ili waifanyie taratibu zao, na wengi wao wakaambukizwa. Ukitaka kuhakikisha hakuna kilichouzwa, omba ndugu mmoja au wawili wasimame pale kwa umbali wanaoonyeshwa, waone jeneza linashuka na waombe dua yao. Omba mapema kabla timu haijavaa, wakishavaa yale mavazi kwenye jua la saa saba hawana subira ya kuongea na mtu. Na godoro na nguo kabla hazijachomwa, andika orodha, iwe na sahihi ya mtu wa timu na ya mwenyekiti. Hiyo ndiyo karatasi ya kuweka kwenye kaveera.

Yule mama mwishowe aliandikwa, siku 21 zikaisha salama. Laini bado ni ya shemeji wa Butembo. Nikipita naye ananiambia "kesho, daktari".